Hifadhi ya Chitwan, Nepal: ingia kwa miguu, ulale kijijini

Nianze na swali ambalo wenzangu wa Doha wananiuliza kila mara: je, Chitwan inafaa pesa zake? Inafaa, na zaidi, mradi uingie kwa miguu na ulale nyumbani kwa watu. Ukizunguka na gari asubuhi moja, ukalala hotelini kando ya mto na kesho yake ukapanda basi, kifaru utamwona, lakini Chitwan yenyewe itakupita.

Mimi ni mtu wa Voi, Kenya. Shamba la marehemu baba yangu liko chini ya kilima cha Sagalla, na kutoka mlangoni mwetu hadi Tsavo Mashariki ni mwendo wa miguu. Nimekua nikisikia madebe yakipigwa usiku wakati ndovu wameingia kwenye mahindi. Siku hizi ni mlinzi wa lango huko Qatar, na kwa miaka mitatu nililala chumba kimoja na kijana wa Nepal, Mtharu, yaani wa kabila la wenyeji wa bonde lile, kutoka upande wa mashariki wa Chitwan. Zamu za usiku ni ndefu. Mimi nilimsimulia ndovu wetu, naye akanisimulia *gaida*, yaani kifaru, anavyoingia kwenye ngano yao na kula mstari kwa mstari kama mtu anayevuna. Tuligundua tumelelewa na usingizi wa aina moja, ule wa sikio moja kuwa macho. Kombe la Dunia lilipomalizika Desemba 2022, yeye alirudi kwao. Nami nilipopata likizo yangu Februari 2023, niligawa siku tisa nikampelekea yeye, zilizobaki nikaenda nazo nyumbani.

Safari kwanza, kwa ufupi. Kutoka Doha hadi Kathmandu ni kama saa nne na nusu angani. Mwenye pasipoti ya Kenya alipata viza pale pale uwanjani, dola 30 kwa siku 15. Kutoka Kathmandu hadi Chitwan ni kama kilomita 160 tu, lakini usihesabu kilomita katika nchi ile, hesabu kona. Basi letu lilichukua saa saba, likishuka milima kwa kufuata mto Trishuli. Unashukia Tadi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, halafu tuktuk ya umeme inakupeleka Sauraha, kijiji cha watalii kilicho ukingoni mwa mto Rapti. Upande wa pili wa maji ni hifadhi.

Watu wengi husikia "Nepal" wakawaza theluji. Chitwan iko chini kabisa, kwenye uwanda wa Terai, mahali milima ya Himalaya inapomalizia miguu yake. Joto lipo, ndizi zipo, miembe ipo. Asubuhi moja hewa ilikuwa safi na nikaona ile milima mikubwa upande wa kaskazini, nyeupe, mbali sana, juu kuliko nilivyotarajia kuinua macho. Niliitafuta kwenye usawa wa mawingu, kumbe ilikuwa juu yake.

Kiingilio kwa mgeni kilikuwa rupia 2,000 kwa siku, kodi kando. Wakati ule rupia ya Nepal ilikuwa karibu sawa na shilingi yetu, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Watu wa nchi jirani za Asia Kusini walilipa nusu, na Mnepali mwenyewe rupia 150. Juu ya hapo unalipa waongozaji. Kwa matembezi ya miguu sheria inataka wawe wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, hata kama mtalii ni wewe peke yako. Msibishane na hilo ili kupunguza gharama. Nitaeleza kwa nini.

Tulivuka Rapti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Mtumbwi wao ni gogo moja lililochongwa, mwembamba kiasi kwamba mkikaa mnakaa mmoja nyuma ya mwingine kwenye vigoda vidogo, na ukingo wa mtumbwi uko juu ya maji kwa kipimo cha kiganja. Niliuliza ni mti gani. Mwongozaji akanionyesha ng'ambo, mti mrefu usio na jani hata moja, umejaa maua mekundu mazito. Nilipoona chini yake matumba yaliyopasuka nilimjua: ni ndugu wa msufi wetu. Wao wanauita *simal*. Mti ambao nyumbani tunajazia mito ya kulalia, hapa unavusha watu.

Kabla ya kuingia msituni walitusimamisha kwenye mchanga tukapewa somo. Hawana bunduki. Kila mwongozaji ana fimbo tu, ndefu, imeng'aa kwa kushikwa. Kwa kifaru, walisema, macho yake ni hafifu lakini pua na masikio ni makali. Tafuta mti mnene ujifiche nyuma yake, au upande, na kama hakuna mti kimbia ukipindapinda na uangushe kitu chenye harufu yako, kofia au shati, asimame kunusa. Kwa chui milia usikimbie kamwe, mtazame machoni na urudi kinyumenyume taratibu. Dubu ndiye waliyemtaja kwa sauti ya chini kuliko wote. Kwa dubu kaeni pamoja, pigeni fimbo ardhini, pigeni kelele, kwa sababu dubu wa kule akishtuka hurukia uso. Kwa ndovu wa mwitu, ondoka mapema na uende mbali. Nilitikisa kichwa, maana hilo nililijua kabla ya kujua kusoma.

Sasa niwaambie kuhusu kifaru.

Tulikuwa tumetembea kama saa mbili. Kwanza ni msitu wa miti ya sal, mirefu, iliyonyooka, chini kuna majani makavu yanayolia kila unapokanyaga. Miti hiyo ndiyo sehemu kubwa ya hifadhi nzima. Baadaye unatoka kwenye nyasi. Msidhani ni nyasi za Tsavo, hizi ni kama matete, na msimu wa mvua zinakuwa ndefu kuliko mtu aliyepanda ndovu. Februari zilikuwa zimekatwa na kuchomwa sehemu sehemu, majivu bado yapo, na katikati ya majivu zinachipua mpya, kijani laini. Ndiyo maana nawashauri muende kati ya mwisho wa Januari na Machi. Wanyama wanatoka kula machipukizi hayo, na nyinyi mnaweza kuwaona.

Mwongozaji wa mbele alisimama na kuinua ngumi. Aliinama, akachota majivu, akayaachia vidoleni. Yalitujia usoni. Alitabasamu, akatuonyesha kwa kidole mti mmoja mnene, na sote tukasogea nyuma yake bila neno. Mimi sikuona kitu. Nilisikia. Ile sauti ya nyasi ikikatwa kwa meno, krap, krap, halafu pumzi, nzito, kama mtu anayevuvia moto wa mkaa kwa mvukuto. Kisha kichaka kikageuka kuwa mnyama.

Alikuwa jike na mtoto wake, hatua kama 30 kutoka kwetu. Kifaru wao si kama wetu. Ana pembe moja tu, fupi, na ngozi imekunjika begani na mapajani kama bati lililounganishwa kwa ribiti, hata vile vipele vya misumari vipo. Masikio yalikuwa yanageuka kila moja kwa upande wake. Mgongoni walikuwa wamekaa ndege weusi wawili, jamaa za kwezi wetu, wakichokoa mikunjo ya ngozi. Niliona tope lililokauka tumboni likiwa limepasuka kama udongo wa bwawa la kiangazi. Mtoto hakuwa na pembe, pua yake ilikuwa laini kama ya ndama, na alikuwa akila nyasi zilizodondoka mdomoni mwa mama yake. Nilikuwa nimeshika gome la ule mti kwa mikono miwili, na nilikuja kujua hivyo baadaye, nilipoona alama viganjani.

Tulisimama pale kama dakika 20. Jike akainua kichwa mara moja, akatutazama bila kutuona, mwongozaji wa nyuma akaniwekea mkono begani. Ni mkono ule ninaotaka muulipie. Ndiyo maana nasema wawe wawili.

Nimeishi karibu na Tsavo miaka yote na sijawahi kuwa karibu hivyo na kifaru nikiwa chini, kwa miguu yangu. Kwetu walikuwepo. Wazee wa Voi wanasimulia walivyowakuta njiani wakienda kuchota maji. Kenya ilikuwa na faru weusi kama 20,000 karibu na mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Waliobaki Tsavo wengi waliwekwa ndani ya uzio kule Ngulia, na bila uzio huo leo tusingekuwa na wa kumwonyesha mtoto. Kwa hiyo nilipokuwa nyuma ya ule mti sikuwa natazama mnyama wa kigeni. Nilikuwa natazama kitu tulichokuwa nacho.

Na hawa wa Chitwan nao walipitia huko huko. Kwa miaka mingi bonde hili lilikuwa uwanja wa kuwinda wa watawala wa ukoo wa Rana na wageni wao. Desemba 1911 Mfalme George wa Tano wa Uingereza aliletwa Terai kuwinda, na kundi lake likaua chui milia 39 na vifaru 18 kwa siku chache. Ni George yule yule ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye shilingi za babu zetu, upande wa pili ukiwa na simba. Lakini risasi za wafalme hazikuwamaliza. Kilichowamaliza ni shamba. Bonde lilikuwa na malaria kali, Watharu na jamii chache za wenyeji ndio walioweza kuishi humo bila kufa ovyo. Dawa ilipopulizwa kuanzia miaka ya 1950, watu wa milimani wakashuka kwa maelfu, msitu ukafyekwa, na mwisho wa miaka ya 1960 vifaru walibaki kama 100. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1973, ya kwanza ya taifa katika Nepal, na mwaka 1984 ikaingizwa kwenye urithi wa dunia.

Jeshi la Nepal ndilo linalolinda, utawakuta wanajeshi kwenye vituo vyao ndani ya msitu. Wakati wa vita vya ndani vituo vingi viliondolewa, na majangili wakaona mwanya. Mwaka 2000 Chitwan ilikuwa na vifaru 544, mwaka 2005 wakahesabiwa 372. Vita vikaisha, vituo vikarudi, vijana wa vijijini wakaanza doria zao wenyewe, na mwaka 2011 Nepal ikapitisha mwaka mzima bila kifaru hata mmoja kuuawa na majangili. Hesabu ya 2021 iliwapata 694 hapa Chitwan, kati ya 752 wa nchi nzima. Sijui kama unaposoma tarakimu hizo unahisi ninavyohisi mimi. Mtu aliyekulia Voi anazisoma pole pole.

Chui milia sikumwona, na msiende kwa kumtafuta yeye tu. Hesabu ya 2022 iliwapata 128 ndani ya Chitwan, kwa hiyo wapo, lakini wao wanakuona wewe. Nilichokiona ni nyayo, kwenye mchanga wa kijito, pana kuliko kiganja changu kilichokunjuliwa. Ukingo wake ulikuwa mkali, na maji yalikuwa bado yanajaa ndani polepole kutoka chini. Waongozaji walitazamana, wakazungumza maneno mawili matatu, tukabadilisha njia. Hawakutuambia tuwe na hofu wala tusiwe nayo.

Chakula cha mchana tulikula juu ya mnara wa kutazamia, wali uliofungwa kwenye majani na kachumbari ya figili. Kulungu wa madoadoa walipita chini kama 40, na hondohondo mmoja mkubwa aliruka juu yetu, mabawa yakivuma kama feni mbovu. Tausi wanalia kutwa nzima, mpaka unawazoea kama jogoo. Jioni tulirudi kwa mtumbwi, na kwenye kisiwa cha mchanga tukapita karibu na mamba wa aina mbili. Mmoja ni kama wetu wa mto Galana. Mwingine ni *ghariyali*, mwenye mdomo mrefu mwembamba kama koleo ya fundi, meno yamechomoza nje pande zote, na dume ana nundu mviringo puani kama chungu kidogo. Huyu hali watu, ni wa samaki tu. Wamebaki wachache mno duniani. Pale Kasara, makao makuu ya hifadhi, tangu mwaka 1978 wanaokota mayai yake ukingoni, wanaangua, wanalea vitoto kwa miaka kadhaa kabla ya kuvirudisha mtoni. Wengi hawafiki mbali, kuna nyavu, na kuna bwawa mpakani na India ambalo aliyelipita hawezi kupanda tena. Nendeni mkaone vile vitoto, vimepangana kwenye jua kama vijiti vya kuni, na mtoe mchango wowote mlio nao.

Sasa niseme yasiyonipendeza.

Siku ya tatu nilitaka kufika mbali zaidi, nikalipia gari. Wakala niliyenunua kwake aliniahidi saa nne, watu sita. Tulikuwa tisa, na saa mbili na nusu baadaye tulikuwa tumerudi mtoni. Dereva aliambiwa kwa simu kuna kifaru mahali fulani, akakimbia, na tulipofika kulikuwa na magari matano yamemzunguka mnyama mzee aliyekuwa akijaribu kuvuka barabara. Hakupata nafasi. Aligeuka mara tatu. Nilimwomba dereva asogee nyuma na akanisikiliza, nashukuru, lakini wengine hawakusogea. Ukipanda gari, chukua la siku nzima, uliza kabla ya kulipa mko wangapi na mnarudi saa ngapi, na uandikiwe kwenye risiti.

La pili ni ndovu wa kupandwa. Sauraha walikuwa wamefungwa kwa mnyororo mguuni, wakisubiri watalii, na mchana walipelekwa mtoni kuogeshwa huku watu wakipanda mgongoni kupiga picha. Nilimtazama mmoja akiyumba kushoto na kulia mahali pamoja, kama mtu anayebembeleza mtoto asiyekuwepo. Mimi ninatoka mahali ndovu alivunja ghala letu mara mbili, na ofisi tuliyopeleka fomu za fidia haijatujibu hadi leo. Nina kila sababu ya kuwakasirikia. Lakini ndovu aliyevunja ghala letu alikuwa akienda anakotaka. Sikupanda, na nawaomba msipande. Wapo wenye ndovu wanaoruhusu utembee kando yake tu akila, bila kiti mgongoni. Kama lazima uwe karibu naye, tafuta hao, na pesa yako iende kwao.

Halafu kelele. Usiku wa Ijumaa hoteli za ukingoni hupiga muziki kwa spika kubwa, na ng'ambo ya mto ni msitu. Hilo wenye hoteli wangeweza kulimaliza leo.

Ndiyo maana nililala kijijini, nyumbani kwa rafiki yangu, na hapo ndipo nilipoielewa hifadhi hii. Vijiji vingi vya Watharu sasa vinapokea wageni, huhitaji kumjua mtu. Nyumba yao ni ya fito na udongo, imepakwa mchanganyiko wa samadi na udongo kwa mkono, na ukutani kuna alama za viganja na ndege waliochorwa. Ndani ni baridi mchana, na usiku inatunza joto. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Ama, yaani mama, nami pia, alinipa wali, supu ya dengu, viazi na majani ya haradali. Usiku wa pili akanipa konokono wa majini, *ghonghi*, waliopikwa na ganda lake. Unashika ganda, unafyonza, anatoka. Kwetu haliwi hilo. Nilikula, na nikaongezewa, na Ama akafurahi sana. Pia kuna *dhikri*, maandazi ya unga wa mchele yaliyopikwa kwa mvuke, matamu ukichovya kwenye pilipili.

Shamba lao la ngano linaishia kwenye uzio wa umeme, na nyuma ya uzio ni msitu. Katikati ya shamba kuna dungu. Sikuamini nilipoliona. Nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya kuegemeza, debe la kupiga limening'inizwa kwa waya. Ni dungu la baba yangu, lile nililolala nikiwa darasa la tano. Wao wanaliita *machan*. Nilimwambia rafiki yangu, "Bhai," yaani mdogo wangu, "leo nalala huku." Alicheka akasema, "Dai," yaani kaka, "wewe ni mgeni." Nikamwambia dungu halina mgeni.

Tulilala watatu, mimi, yeye na kaka yake mkubwa. Baridi iliingia kupitia fito. Mnamo saa nane usiku kaka yake alikaa bila kuambiwa, nami nikakaa, maana tuliisikia pamoja. Ile krap, krap. Kifaru alikuwa amepita mahali uzio umelala, yuko ndani ya ngano, kivuli tu chini ya mwezi. Kaka akapiga debe, rafiki yangu akawasha tochi, mimi nikapiga kelele kwa Kitaita, maneno yale yale tunayowafokea ndovu. Akatoka, bila haraka. Asubuhi tulipima alichokula, kipande kama cha hatua 10 kwa sita, ngano ikiwa imekatwa usawa.

Nilimuuliza Ama, kupitia mwanawe, kama hachukii. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema jirani yake aliuawa na chui milia akikata majani ya ng'ombe, na hilo halisahauliki. Alisema zamani kijiji kizima cha Padampur kilikuwa ndani ya hifadhi na kikahamishwa, ana jamaa walioondoka. Kisha akaonyesha uzio. Sheria inataka kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa vijiji vinavyoizunguka, na kamati za vijiji ndizo zinazoamua itumike wapi. Yeye amekaa kwenye kamati. Uzio ule ulinunuliwa na pesa hizo, na kipande cha barabara kilichowekwa kifusi pia. Januari wanaruhusiwa kuingia kukata nyasi za kuezekea. "Gaida anakula," alisema, "lakini naye analeta." Halafu akaniuliza kwetu ikoje. Nilimweleza kuhusu mizinga ya nyuki wanayotundika watu wa Sagalla kwenye uzio ili ndovu wasipite. Hilo lilimvutia kuliko habari zote za Qatar. Alitaka kujua mizinga inaachana umbali gani, waya unafungwa wapi, ndovu akigusa nini hutokea. Tulichora kwenye vumbi mpaka chai ikapoa.

Kwa wanaotaka kwenda: vaa nguo za kijani au za rangi ya udongo, usivae nyekundu wala nyeupe. Soksi ndefu ni muhimu, kupe wapo, na kuanzia mvua za Juni ruba ni wengi, miezi hiyo msiende kutembea. Beba sweta zito kwa ajili ya mtumbwini asubuhi. Chukua matembezi ya siku mbili kama nguvu ipo, unalala kijiji cha upande mwingine na kurudi kwa njia tofauti. Waongozaji wapeni bakshishi mkononi, wote wawili, na wa nyuma asipewe kidogo kwa sababu hakuonekana.

Na siku ya kurudi Kathmandu keti upande wa kushoto wa basi, mto utakuwa dirishani mwako sehemu kubwa ya njia. Ama alinifungia *dhikri* kumi kwenye gazeti. Mbili nilikula njiani. Nane nilizifikisha Voi, ngumu kama mawe, na mama yangu alizilowesha kwenye chai akazila zote, akiuliza baada ya kila moja yule mama wa Nepal analima nini kingine.